Nani ashike taa ya skrini kwenye Linux: pawa aisi, PWM ya prosesa, au chipu ya taa peke yake?

Mtu anayeunda kifaa chenye skrini hapa Uganda, iwe mizani ya kupokelea maziwa Mbarara, daftari la wagonjwa kwenye zahanati ya Arua, au simu kuukuu ya Mutaasa Kafeero anayotaka kuitia Linux, hufika mahali pa kuamua ni nani atakayeiendesha taa iliyo nyuma ya kioo. Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni sehemu ya taa iliyomo ndani ya chipu ya umeme ya bodi, ile ambayo mafundi wa simu huiita pawa aisi. Ya pili ni prosesa yenyewe kutoa mapigo ya PWM (kuwasha na kuzima haraka haraka ili kupunguza mwanga) na kuyapeleka kwenye saketi ndogo ya kupandisha volti. Ya tatu ni chipu ya taa inayosimama peke yake na kupokea amri kwa waya mbili za I2C, njia ambayo chipu huongea kwayo.

Ukiziangalia kutoka juu, zote tatu zinafanana. Kerneli, yaani kiini cha Linux, huziweka mahali pamoja, /sys/class/backlight, na kila moja hupewa faili zilezile: brightness ya kuandikia kiwango, max_brightness ya kujua kilele, actual_brightness ya kusoma kiwango kinachotumika sasa, na bl_power, ambamo 0 ni kuwaka na 4 ni kuzima. Programu ya mezani haijui nani yuko chini wala haijali. Kwa hiyo hoja za kuchagua hazitoki kwenye programu. Zinatoka kwenye bodi, kwenye kioo, na kwa fundi atakayekifungua kifaa kikizima huko Soroti au Kasese.

(Kama kioo chako ni cha OLED, kama kile cha OnePlus 6, ulinganisho huu haukuhusu. Hakina taa ya nyuma. Mwangaza wake huamriwa ndani ya kioo kupitia nyaya za DSI, zilezile zinazoleta picha.)

Maswali ya kuzipima

Nazipima zote kwa mambo matano: nyaya za taa zinafika wapi kwenye bodi, draiva (programu ndogo inayoendesha chipu) ikoje ndani ya kerneli rasmi na inataka maandishi gani kwenye DTS (faili linaloieleza kerneli sehemu zilizomo kwenye bodi), jicho linazionaje hatua za mwangaza, umeme unaoliwa, pamoja na tabia ya kifaa kinapowaka na kinapolala, na ukarabati. Swali la nyaya nimelitanguliza kwa makusudi. Wengi huanza kwa kutafuta jina la draiva, wakiliona ndani ya kerneli wanafurahi na kuagiza bodi, na baadaye wanakuta draiva ipo lakini pini hazipo.

Nyaya kwanza

Mfano mzuri wa pawa aisi ni TPS65217 ya Texas Instruments, iliyo kwenye bodi za BeagleBone. Ndani yake kuna kipandisha volti na njia mbili za taa. Kila njia hubeba hadi LED 10 zilizopangwa mfululizo, kwa mkondo wa hadi miliampea 25. BeagleBone ya awali ilikuwa na safu ya pini za kuzitoa nje njia hizo. BeagleBone Black ya mwaka 2013 ina chipu hiyohiyo, ila safu hiyo ya pini iliondolewa. Ukiandika nodi (kifungu) ya taa kwenye DTS yake, draiva itapakiwa bila kulalamika, faili litajitokeza, utaandika 100, na hakuna kitakachowaka.

Kwenye simu mambo ni hayohayo. Sony Xperia Z1 na Nexus 5 zote zinatumia pawa aisi ya Qualcomm iitwayo PM8941, ambayo ina sehemu ya taa ndani yake. Sony waliitumia sehemu hiyo. Waliounda Nexus 5 waliiacha, wakaweka LM3630A kando kwa ajili ya taa. Mtu anayenakili DTS ya simu moja kwenda nyingine kwa sababu pawa aisi ni moja atakesha bure.

PWM haina fumbo la namna hiyo. Karibu kila prosesa ya bodi ndogo ina pini ya PWM, na kinachotakiwa ni pini hiyo iwe imefika mahali unapoweza kuishika. Tableti nyingi za bei nafuu zenye prosesa za Allwinner kama A13 na A33 ziko hivi: pawa aisi yake, ya ukoo wa AXP, huchaji betri na kugawa volti, lakini taa iko mikononi mwa PWM ya prosesa.

Chipu ya taa peke yake inataka waya mbili za I2C, umeme, na mara nyingi pini moja ya kuiamsha. Faida yake ni kwamba inaweza kukaa upande wa kioo badala ya upande wa bodi. Skrini rasmi ya Raspberry Pi ya inchi 7, iliyotoka mwaka 2015, inafuata mtindo wa karibu na huo: kichakataji kidogo kilicho kwenye bodi ya skrini hupokea amri kwa I2C na kuiendesha taa kwa viwango hadi 255. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye kerneli rasmi draiva yake haiko kwenye folda ya backlight. Imewekwa kwa wagawa volti, kwa jina rpi-panel-attiny-regulator, na anayeitafuta kwenye folda ya taa anaweza kuapa kwamba haipo.

Kwa hiyo kabla ya lolote, chukua mita, shika pini za LED chanya na LED hasi kwenye soketi ya kioo, zifuate hadi zinapoishia. Utakapofika kwenye koili na diodi, chipu iliyo jirani ndiyo mwenye taa.

Draiva na maandishi ya DTS

Draiva za pawa aisi zina sura moja: ni watoto wa draiva kubwa. Chipu moja inagawa volti, inasoma kitufe cha kuwashia, inachaji, na pia inaendesha taa, kwa hiyo kerneli huwa na mzazi mmoja anayeongea na chipu, na watoto wanaopitia kwake. Ukitaka tps65217_bl lazima uwashe CONFIG_MFD_TPS65217 pamoja na CONFIG_BACKLIGHT_TPS65217. Mzazi akichelewa kupakiwa, taa inasubiri, na skrini inayoitegemea taa inasubiri pia. Maandishi yenyewe ni machache: nodi ya backlight ndani ya nodi ya chipu, kisha isel ya kuchagua rezista inayoweka mkondo, fdim ya kuchagua mapigo (100, 200, 500 au 1000 kwa sekunde), na default-brightness.

Upande wa Qualcomm, draiva inaitwa qcom-wled, zamani pm8941-wled, na inataka umakini zaidi. Unaiambia idadi ya njia za LED, mkondo wa juu, na kikomo cha volti ya kujilinda. Kwa PM8941 vikomo ni volti 27, 29, 32 au 35. Ukiweka kikomo chini ya kile ambacho LED za kioo chako zinahitaji, chipu itadhani njia imekatika na kujizuia. Utamlaumu muuza kioo bila kosa.

Udhaifu wa familia hii ni kwamba kila chipu ina draiva yake. Ulichojifunza kwenye TPS65217 hakikusaidii kwenye DA9052 ya Dialog. Na bodi ikizeeka, watu wanaoijaribu draiva hiyo kila kerneli mpya inapotoka wanazidi kuwa wachache.

Kwa PWM, draiva ni moja kwa wote: pwm-backlight. Unaandika pini ya PWM na urefu wa pigo, brightness-levels, power-supply, na enable-gpios ikiwa kuna pini ya kuwasha. Aliyeiandika mara moja kwa prosesa ya Rockchip ataiandika kwa ya Allwinner au i.MX bila kufungua kitabu. Kwa ujuzi unaohamishika kutoka mradi hadi mradi, hakuna inayoifikia.

Chipu za I2C ziko katikati. lm3630a_bl na lp855x_bl ziko kwenye kerneli rasmi na hazimtegemei mzazi yeyote. Kilichoongezeka ni mipangilio ya chipu yenyewe: LM3630A ina njia mbili unazoweza kuziunganisha au kuzitenganisha, na ukoo wa LP855x una rejista (visanduku vya mipangilio ndani ya chipu) unazoweza kuzijaza kupitia rom-addr na rom-val. Angalia pia namba iliyochapwa mgongoni mwa chipu kabla ya kuandika jina lake. Chipu za taa zinafanana kwa umbo, na draiva ya moja haiendeshi nyingine.

Jicho linavyoona

Jicho la mtu halipimi mwanga kama mita inavyopima. Mwanga wa takriban asilimia 18 ya kilele ndio jicho linauita nusu. Kwa hiyo ngazi zilizopangwa sawasawa kutoka 0 hadi 100 zinaruka sana chini, na huku juu, kutoka 70 hadi 100, mtumiaji anavuta kitelezi bila kuona tofauti.

TPS65217 inakupa ngazi hizo 100 zilizonyooka, basi. Anayetaka mwendo laini lazima aupange kwenye programu ya juu. qcom-wled nayo imenyooka, lakini ina ngazi 4095 kwa chipu nyingi, kwa hiyo hata huko chini kuna nafasi ya kutembea. LM3630A inaweza kupanga ngazi zake 255 kwa mpindo unaolifuata jicho, au kwa mstari ulionyooka, wewe ndiye unayechagua.

pwm-backlight ndiyo iliyopiga hatua hapa. Tangu mwaka 2018, ukiacha kuandika brightness-levels, draiva hujitengenezea jedwali kwa kutumia fomula ya CIE 1931 ya mwanga unavyoonekana na jicho. Wengi wanaendelea kuandika jedwali lao la «0 4 8 16 32 64 128 255» kwa mazoea ya zamani, na wanapata ngazi nane tu mahali ambapo wangepata mteremko mzima bure.

Halafu kuna kumeta. Mapigo 100 kwa sekunde hayamsumbui kila mtu, lakini atakayeipiga skrini picha kwa simu ataona mistari. Kwenye TPS65217 peleka fdim kwenye 1000 na jambo linapungua. Kwenye PWM una uhuru wa kuchagua mapigo yoyote, ila saketi nyingi za kupandisha volti zinazofifishwa kupitia pini ya kuwasha hazipendi mapigo ya haraka sana: ngazi za chini zinakufa kwa sababu chipu haipati muda wa kuamka kabla ya kuzimwa tena. Mapigo yakiangukia kwenye masafa ambayo sikio linasikia, kapasita za kauri zinaweza kuanza kupiga mluzi. Kwa skrini ya chumba cha wagonjwa usiku, mluzi huo ni kero kuliko kumeta.

Umeme, kuwaka na kulala

Hapa hesabu ni ileile kwa njia zote, na watu huishangaa. Chukua njia mbili za LED 10, miliampea 25 kila njia. LED nyeupe inataka takriban volti 3.2, kwa hiyo LED 10 ni volti 32, mkondo wa jumla miliampea 50, sawa na wati 1.6. Ongeza upotevu wa kupandisha volti, unakaribia wati 2. Mizani ya maziwa inayokesha kwenye betri ya sola ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh 84, itakula Wh 24 kwa saa 12 kwa ajili ya taa pekee. Ukififisha hadi taa iwake nusu tu ya muda wa kila pigo, ni Wh 12, na kumbuka jicho litaona bado kuna mwanga mwingi. Akiba kubwa iko kwenye mazoea ya kufifisha. Tofauti kati ya chipu na chipu ni ndogo ukilinganisha na hiyo.

Zinapotofautiana ni pale kifaa kinapowaka. Draiva ya TPS65217 huizima taa kwanza inapopakiwa, kisha huiwasha kwa kiwango ulichoandika, kwa hiyo kama programu ya kuwashia bodi ilikuwa imeonyesha nembo, skrini itapepesa. pwm-backlight huangalia kwanza: ikiwa nodi yake imetajwa na kioo, na ikakuta pini, umeme na PWM vimeachwa vikiwaka, inaendelea navyo bila kukatiza. Kwa bidhaa ya kuuza, mteja analiona jambo hilo.

Kwenye kulala ushindi unahama. Pawa aisi inapoambiwa izime, kipandisha volti kinakatwa ndani ya chipu na hakuna pini inayoning'inia. Kwa PWM, prosesa ikilala pini inaweza kubaki bila mwenyewe, na taa ikabaki na mwanga hafifu unaonyonya betri usiku kucha. Dawa ni rezista ya kushusha pini ya kuwasha, ya kilo-omu 100 au hapo karibu; bei yake ni sarafu, lakini lazima uikumbuke kabla bodi haijachapwa. Chipu ya I2C hupewa amri ya kulala na kutii, mradi basi la I2C lenyewe lisizimwe kabla ya amri kufika.

Fundi atakapoifungua

Kwetu swali hili lina uzito kuliko wanavyoandika watengenezaji. Kifaa kikizima taa, jaribio la kwanza linajulikana na kila fundi wa simu: mulika tochi kwa pembeni kwenye kioo. Picha ikionekana hafifu, kioo hakijaharibika, taa ndiyo iliyokufa. Baada ya hapo njia zinaachana.

Kwa PWM, kinachokufa mara nyingi ni kipandisha volti chenye miguu mitano au sita, diodi, au koili. Hivyo vinang'olewa kwenye bodi za skrepu na kuchomelewa kwa ncha ya kawaida. Chipu tofauti kidogo yenye miguu inayolingana inaweza kufanya kazi ileile, kwa sababu kerneli haiijui kwa jina. Inaijua kama pigo tu.

Kwa chipu ya I2C, lazima upate ileile au uhariri DTS. Nyingine ni vidoto vya solda chini ya tumbo, zinataka mashine ya hewa moto. Lakini zikifa, bodi inaendelea kuwaka, na unaweza hata kuingia kwa mtandao na kuokoa data.

Kwa pawa aisi, unafungua moyo wa bodi. TPS65217 ina miguu 48 iliyofichwa pembeni mwa mraba wa milimita 6. Za simu ni vidoto tupu. Kosa dogo la joto linaua volti za prosesa na RAM. Fundi mwenye busara atakwepa: ataacha chipu ilipo, ataweka kipandisha volti cha nje, na kukipa PWM, yaani atakuhamisha kwenye njia ya pili bila kukuuliza. Upande wa pili, pawa aisi iliyounganishwa vizuri ina sehemu chache za nje za kufa, na ulinzi wake dhidi ya njia iliyokatika tayari uko ndani.

Neno moja kwa wanaopenda kujaribu kwa i2cset, amri ya kuandika moja kwa moja kwenye rejista za chipu ya I2C. Kwenye chipu ya taa, rejista mbaya inakugharimu taa. Kwenye pawa aisi, jirani wa rejista ya taa ni rejista ya volti ya prosesa. TPS65217 imezilinda rejista za volti kwa nywila, na za taa ziko wazi. Usidhani kila chipu ina adabu hiyo.

Kwa hali yako

Unafufua simu au tableti iliyotengenezwa tayari: huna uchaguzi, na usijitafutie. Fuata nyaya, tumia draiva ya chipu uliyoikuta, na nakili vikomo vya mkondo na volti kutoka kerneli ya kiwandani badala ya kubahatisha.

Bodi unayotumia ina pawa aisi yenye njia za taa zilizofika kwenye soketi, kioo chako kiko ndani ya uwezo wake, na unatengeneza vifaa vingi vya aina moja: tumia pawa aisi. Unaokoa sehemu, nafasi na betri ya kulala. Kioo kikihitaji LED 12 mfululizo, au skrini ya kusomeka juani inayotaka mkondo mkubwa, pawa aisi haifai tena. Hakuna draiva itakayoiongezea chipu misuli.

Ni mwanafunzi wa uhandisi Makerere au Mbarara, kioo chako kinaweza kubadilika muhula ujao, na sehemu zako zinatoka sokoni: PWM. Utakosea kwa bei ndogo na kujifunza kitu kinachohamia bodi nyingine.

Kioo kiko mbali na bodi, au unataka ngazi laini bila kumeta kwa sababu watu wataitazama kwa saa nyingi: chipu ya I2C inayodhibiti mkondo wenyewe, huku ukijua kwamba mkondo ukishuka sana rangi za kioo zinaweza kubadilika kidogo. Agiza na za akiba katika mzigo huohuo.

Na kama unachotaka ni kuwaka na kuzima tu, kwa kibao cha foleni au kipima maji, gpio-backlight ina ngazi moja na pini moja. Kuna pia led-backlight, inayogeuza LED ambazo kerneli tayari inazijua kuwa taa ya skrini. Ni mlango mzuri wa pembeni pale chipu ina draiva upande wa LED lakini haina upande wa backlight.

Njia yoyote utakayoshika, kabla ya kupeleka kifaa mbali na Kampala andika 1 kwenye brightness, zima, washa tena, na uone kinaamkaje. Penye systemd, programu inayosimamia uwashaji kwenye Linux nyingi, kiwango cha mwisho huhifadhiwa na kurudishwa, lakini kwa kawaida hakiachwi kishuke chini ya asilimia 5 ya kilele. Kwenye mfumo mwepesi uliojitengenezea mwenyewe hakuna anayekulinda, na mtumiaji wa Moroto aliyefifisha skrini usiku anaweza kuamka na kioo cheusi mchana wa jua, asione hata pa kugusa ili akiongeze.